Dola Zisizobandikika

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama katikati ya ukumbi, mkono mmoja kiunoni kwa bi harusi wangu, mkono wa pili umeshika simu, na simu inasema sifuri.

Kwa aliyekosa gazeti, nimkumbushe upesi. Mimi Delfin, mhariri wa video za watu wasionijua, nimemwoa Ligaya. Baba yake ni Ka Usteng, mfuga majogoo wa kupiganisha, anayeheshimiwa pande zote za Mlima Maculot. Alinipa binti yake kwa sharti moja. Kwenye dansi ya kutunza, pale ndugu wanapowabandika maharusi noti kwa pini, upande wangu ukizidiwa na upande wake, mimi na Ligaya tunahamia kwake, chumba cha nyuma, kinachochangia ukuta na mabanda. Kila alfajiri nitakuwa nawaogesha majogoo wake.

Tukishinda, tunakwenda zetu mjini Lipa, kwenye vyumba viwili tulivyokwisha kuvilipia.

"Delfin," Ligaya aliniambia asubuhi ile kwenye ngazi za kanisa, "nikilala tena mwaka mzima ndani ya nyumba ile, nitakupenda, lakini nitakupenda kwa hasira."

Nilimwamini. Ligaya hatishi mtu bure.

Shida ni kwamba ndugu zangu wenye uwezo wote wako ng'ambo. Kaka yangu Nardo yuko melini, binamu yangu Minyang ni muuguzi Dubai. Watabandikaje noti? Hapo ndipo nilipojifanya mjanja. Mimi mwenyewe hulipwa kwa zile dola za kidijitali zinazokaa kwenye simu, ambazo moja ni sawa na dola moja leo na kesho, hazina makeke ya kupanda na kushuka. Nardo na Minyang nao wanazo. Nikachapisha anwani yangu ya kupokelea, ule mraba wa vidoadoa vyeusi unaoskaniwa kwa simu, nikawatumia picha yake, kisha nikaubandika kifuani juu ya barong, shati langu jeupe la harusi. Simu nikaiunganisha na skrini kubwa ya ukumbi, ili wakwe zangu wote waone dola zikimiminika.

Wote wakaona sifuri.

Ligaya wangu alikuwa amejaa. Shela haikuonekana tena kwa noti. Wajomba zake wanaouza kahawa walikuja na noti zilizounganishwa kama ushanga, wakamzungushia shingoni mara mbili. Mimi kifuani nina vidoadoa.

"Ala e!" Ka Usteng akampokonya msimamizi wetu kipaza sauti. "Mkwe wangu ana ndugu hewani, na pesa zao nazo ziko hewani! Jamani fungueni madirisha, huenda zikaingia!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata mpiga gitaa akakosea nyuzi.

"Tabasamu," Ligaya akaninong'oneza tukizunguka.

"Natabasamu."

"Unaonyesha meno tu. Si kitu kimoja."

Mama yangu akanyanyuka. Anauza vitunguu saumu, hana makuu. Alikuja taratibu katikati ya vile vicheko, akatoa noti moja iliyokunjwa, akainyoosha kwa kiganja, akanibandika begani.

"Angalau usiwe uchi, mwanangu," akasema.

Nilitaka kulia.

Wimbo ulipokwisha nikampigia Minyang. Kwa kiherehere changu nikasahau kuwa simu bado imeunganishwa na skrini. Minyang akatokea ukutani, mkubwa kama mlango wa kanisa, amevaa kofia ya kuogea na mswaki uko mdomoni.

"Minyang! Mbona hujatuma?"

"Sijatuma? Wewe! Nimetuma tangu mko kanisani! Na Nardo alituma kabla meli yake haijaingia kusikoshika simu. Unanifanya mwongo mbele ya... hao watu wananiona?"

"Wote."

Akaivua ile kofia mbio. "Hamjambo wakwe zangu?"

"Hatujambo!" ukumbi ukaitika.

"Minyang, ulituma kwa mtandao gani?"

"Ule wa njano, wa bei rahisi. Na Nardo nimemwambia vilevile. Nani atumie ule wako wa kizamani? Ada yake inakula nusu ya zawadi!"

"Na anwani?"

"Anwani si ileile moja! Nimeiskani kwenye picha uliyonitumia mwenyewe. Haya, naingia zamu, simu inabaki kabatini. Ligaya mdogo wangu, umependeza! Mlishe vizuri huyo, shingo imekonda."

Akatoweka.

Nikajipiga kofi la paji la uso hadi pini moja ikachomoka.

"Zimepotea?" Ligaya aliniuliza. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Hazijapotea. Sikia. Mama akitaka kupeleka vitunguu Calapan, si kuna kampuni nyingi za feri? Bandari ni moja, jina la mpokeaji ni moja. Lakini mzigo ukija na feri ya kampuni nyingine, ukausubiri kwenye dirisha la kampuni hii, utaambiwa hakuna kitu. Dola hizi zina jina moja na thamani moja, ila zinasafiri kwa mitandao tofauti. Simu yangu inachungulia ule wa zamani peke yake. Wao wametuma kwa wa njano."

Ligaya akanitazama kama mtu anayejiuliza ameolewa na nani.

"Basi sogea dirisha la pili, Delfin. Unangoja baraka za padri?"

Nikabonyeza, nikauongeza mtandao wa njano kwenye simu. Skrini ikawa nyeupe kidogo. Halafu ile sifuri ikayeyuka, na mahali pake zikatokea dola za Minyang, na chini yake dola za Nardo, nyingi kuliko alivyoahidi. Mungu ambariki yule baharia.

Upande wangu ukalipuka kwa vifijo. Mama alimkumbatia mtu asiyemjua.

Na Ka Usteng akakaa. Alikaa ghafla kwenye kiti kisicho chake, mdomo wazi, macho yameganda kwenye skrini. Nikajua aibu imempiga. Wasomaji wangu, kama kuna siku niliusoma uso wa mtu kichwa chini miguu juu, ni siku ile.

"Usteng!" Mkewe, Aling Pasing, akamfinya bega. "Binti yangu anachukuliwa na wewe umekaa kama gunia?"

Ka Usteng akainuka kama aliyetoka usingizini. "Ee... hazibandikiki!" akapaza sauti. "Hizo ni tarakimu! Sisi tunatunza kwa noti! Kama ni pesa, mbandike tuone!"

Watu wakamgeukia Mang Bastian, msimamizi wetu wa ndoa. Ni mwenye duka la rehani, mtu wa tumbo na haki, na ndiye aliyekuwa mwamuzi, maana msimamizi ni mzazi wa pande zote mbili na hana ruhusa ya kupendelea. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililonitoa jasho.

"Usteng ana hoja," Mang Bastian akasema. "Dansi hii ni ya kubandika. Kisichobandikika hakihesabiki." Mama mkwe akapiga makofi. "Lakini dola hizi mimi huzinunua dukani kwangu kila siku. Delfin, nitumie sasa hivi, nikupe peso zake hapa hapa, ubandikwe. Bendi, mmebakiza wimbo mmoja?"

"Mmoja," wakajibu. "Tuna njaa."

Akaufungua mkoba wa kiunoni. Peso tupu, zimefungwa kwa mipira. Moyo ukanidunda kwa furaha. Nikaskani anwani yake, nikabonyeza tuma.

Simu ikanikatalia. Ikasema sina gesi.

Hapa lazima niwaeleze, ingawa inaniuma. Kila mtandao unatoza ada ya kusafirisha, inaitwa gesi, na hautaki ulipwe kwa dola. Unataka sarafu yake wenyewe. Kwenye ule mtandao wa zamani nilikuwa na gesi ya kutosha. Kwenye huu wa njano sikuwa na hata chembe. Nilikuwa kama abiria mwenye tiketi ya chumba cha juu kabisa, anayezuiwa getini kwa kukosa ushuru wa bandari.

"Mang Bastian, nirushie gesi kidogo. Ya kuonja tu."

"Siwezi."

"Jamani, ni kitu kidogo kuliko bei ya soda!"

"Ndiyo, na siwezi. Dola nanunua, hiyo ni biashara. Gesi siuzi. Gesi ningekupa tu, na kukupa ni kukutunza. Nikikutunza wewe nimechukua upande. Mimi ni baba yenu wote wawili, mwanangu." Akaniwekea mkono begani kwa upendo mkubwa kabisa. Sijawahi kupendwa vibaya namna ile.

Bendi ikaanza wimbo wa mwisho.

Nikapaza sauti: "Nani ana gesi ya mtandao wa njano?"

Upande wangu ni wakulima. Mjomba wangu mmoja akajitolea kwenda nyumbani kuleta mtungi wa jikoni. Upande wa pili niliona binamu wawili wa Ligaya wakitazamana, simu ziko mikononi. Wanayo! Wale hucheza michezo yao humo mchana kutwa.

Aling Pasing naye akawaona.

"Atakayempa huyo hata chembe," akatangaza, "asiguse nguruwe wa kuchoma!"

Binamu wakamtazama nguruwe. Wakanitazama mimi. Wakamtazama tena nguruwe, ngozi yake imekauka vizuri, inang'aa kwa mafuta. Simu zikarudi mifukoni. Sikuwalaumu.

Tukacheza. Ligaya akaniegemeza kichwa kwenye bega lenye noti ya mama.

"Delfin."

"Naam, mke wangu."

"Huwa wanaogeshwa kwa maji ya vuguvugu. Ya baridi yanawakwaza."

"Nani?"

"Majogoo. Nakufundisha mapema."

Alitaka kuchekesha, lakini machozi yalikuwa yanamlengalenga. Mimi niliyekuwa nimemwahidi vyumba viwili na dirisha linalotazama barabara, nikajiona takataka.

Ndipo simu ikatetema mkononi.

Gesi imeingia. Kwenye mtandao wa njano. Kutoka anwani nisiyoijua.

Sikuuliza ni ya nani. Aliyezama haulizi kamba imesukwa wapi. Nikabonyeza tuma, Mang Bastian akatazama simu yake, akaitikia kwa kichwa, akaanza kuhesabu peso huku mpiga ngoma ameshaanza kupunguza mwendo.

"Ongeza beti, wewe!" Mama yangu akamkaripia mpiga ngoma. "Utakula, hakuna atakayekula sahani yako!"

Akaongeza beti. Mama na shangazi zangu wakanivamia kwa pini. Walinibandika kifua, mgongo, mikono, suruali. Mmoja alinibandika ngozi kabisa, nikapiga yowe, watu wakadhani ni furaha. Wimbo ulipokata, nilikuwa nimefunikwa na noti kuliko Ligaya.

Mang Bastian akahesabu upande wa bi harusi. Akahesabu upande wangu. Akarudia.

"Zimekaribiana sana," akasema. "Upande wa bwana harusi umezidi. Umezidi kwa noti moja." Akaigusa ile ya begani.

Mama akajifunika uso kwa leso. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, sikujizuia. Ligaya alinirukia, noti zikapukutika, watoto wakazigombania, na hakuna aliyejali.

Mama mkwe alilia pia, ila kilio chake hakikuwa cha aina yetu.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Lakini mnanijua mimi.

Watu walipokaa kula, nikahisi nimeshikwa ukosi. Nikaburutwa hadi nyuma ya jiko, penye masufuria makubwa. Ka Usteng. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Gesi ile ilikufaa?"

Nikabaki nimekodoa macho. "Baba... ni wewe?"

"Nilikuskani kifuani ukicheza. Ukilisema hilo mbele ya watu, nitakukana na kanisani nitaapa."

"Lakini wewe ndiye uliyetaka nihamie kwako!"

"Mimi?" Akacheka kicheko kikavu. "Mimi nataka mwanaume wa pili kwenye nyumba yenye choo kimoja? Ni mama yake. Mimi nilikuwa kipaza sauti tu. Sasa sikia, mkwe wangu mpendwa."

Aliponiita mpendwa, jasho jembamba likanitoka.

"Wale nguruwe tuliowauza," akaendelea, "mama mkwe wako alinipa pesa niziweke benki. Njiani nikapita kwenye pambano la majogoo. Kuna bwana mmoja pale akaniambia peso inanyauka, dola hainyauki, weka dola kwenye simu. Nikaona ana akili. Akaniwekea kila kitu. Akaniambia nunua na gesi, nikanunua. Nimefika nyumbani nafungua simu, gesi naiona, dola sizioni. Sifuri. Yule bwana nasikia amehamia kisiwani Palawan."

"Na mama hajui?"

"Ningekuwa hai? Miezi yote hii nimejua nimetapeliwa. Sili, silali. Leo nakuona wewe pale na sifuri yako, nikafurahi, nikasema tuko wawili. Halafu ukabonyeza tu, ukasogea dirisha la pili, pesa hizo!" Akanishika mashavu kwa mikono yote miwili. Yule mzee alikuwa na machozi. "Delfin, na zangu huenda ziko dirishani mahali fulani zinaningoja. Si ndiyo? Niambie ndiyo."

Wasomaji, nilimhurumia. Baba mkwe aliyenitukana tangu nilipovuka kizingiti chake, nikamhurumia kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Huenda, baba. Nipe simu, si kazi kubwa, nijaribu mtandao mmoja mmoja."

Akaitoa. Nilikuwa bado sijaigusa, Aling Pasing akatokea na sinia. Simu ikazama ndani ya kofia, kofia ikarudi kichwani.

"Na ukimliza binti yangu," Ka Usteng akanguruma, "nitakunyonyoa masikio!"

"Ndiyo, baba."

"Mwache mtoto wa watu, Usteng, umeshashindwa," mkewe akasema bila kusimama. Kisha akasimama. "Na kesho kutwa usiende popote. Yule mwenye watoto wa nguruwe kanikubalia. Hizo pesa uzitoe benki asubuhi."

Akaenda zake. Ka Usteng akabaki kama jogoo aliyesikia maji yanachemshwa.

"Umeona? Hapa hapana siri," akaninong'oneza. "Hizo dola tutazitafuta huko Lipa."

"Tutazitafuta?"

"Nakuja nanyi. Leo."

"Baba, leo ni... leo."

"Najua leo ni nini! Nimezaa watoto sita!"

"Vyumba viko viwili tu."

"Kimoja chenu, kimoja changu. Kwani kuna hesabu gani ngumu hapo?"

"Na majogoo?"

"Niwaache na mwanamke atakayegundua benki hakuna kitu? Watageuka supu. Nakuja na wale watatu wapole. Na Ligaya usimwambie lolote. Huyo hana siri na mama yake, hata ndoto zake humsimulia."

Sasa nihukumuni. Ningefanya nini? Gesi ilikuwa yake.

Jioni Mang Bastian akatuletea gari lake la mizigo litupeleke. Zawadi zimepangwa nyuma, zimefunikwa turubai. Ligaya akapanda mbele pamoja nami, akavua viatu, akaniwekea kichwa begani.

"Wawili tu, Delfin," akasema. "Nyumba nzima, wawili tu. Mpaka sasa siamini."

Hata mimi sikuamini.

Mama mkwe alikuwa getini anapunga leso, macho yamevimba. "Usteng yuko wapi?" aliuliza watu. "Hata kumuaga mwanawe?"

Mang Bastian akawasha gari. Likakohoa, likazima. Akawasha tena.

Na nyuma yetu, chini ya turubai, katikati ya masufuria na mashuka ya zawadi, kitu kikawika.

Leso ikasimama hewani. Ligaya akafumbua macho, akaniinua kidevu kwa kidole kimoja.

"Delfin. Ni zawadi gani hiyo inayowika?"

Kabla sijapata uongo wa kumpa, niliona kwenye kioo cha pembeni Aling Pasing anakuja kwenye gari, anajifuta mikono kwa aproni, bila haraka. Na kwenye upenyo wa dirisha la nyuma ya shingo yangu ikapenya sauti ya Ka Usteng, imekauka kwa hofu.

"Mkwe... nilikuwa najaribu hilo dirisha la pili mwenyewe. Nimebonyeza kitu. Sasa hata gesi siioni."

Mkono wa mama mkwe ukashika ncha ya turubai.